Mfalme wa miezi tisa aliyezizuia marikebu

Kwa miaka mingi ya ualimu wangu niliwasimulia wanafunzi kisa cha twiga wa Malindi. Ni kisa kitamu, wala hakihitaji kutiwa chumvi. Mnamo mwaka wa 1415 wajumbe wa Malindi waliwasili Uchina wakiwa na twiga hai, zawadi kwa mfalme mkuu wa huko, Yongle. Wasomi wa ikulu walipomwona mnyama yule mrefu mwenye madoa walimfananisha na mnyama wa baraka atajwaye katika hekaya zao, ambaye hujitokeza duniani pale tu kiti cha enzi kinapokaliwa na mtawala mwadilifu. Nikishamaliza ya twiga niliingia katika habari za Zheng He, towashi Mwislamu mzaliwa wa Yunnan, aliyeongoza misafara ya marikebu iliyofika Mogadishu, Barawa na Malindi wakati ambapo Mreno alikuwa hajaonekana bado katika pwani yetu. Kisha, kwa sentensi moja tu, nililifunga somo: kwamba Yongle alipofariki alirithiwa na mwanawe, mtu mnene, mwoga, mpenda vitabu, ambaye siku ile ile ya kutawazwa aliamuru marikebu zisitoke tena.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili aliinua mkono akataka kujua mabaharia wale walilishwa na nani. Nilikuwa nimetoka kuwaambia kuwa msafara wa kwanza peke yake, ule wa mwaka wa 1405, ulikuwa na watu zaidi ya 27,000, na binti yule, ambaye nadhani aliijua kazi ya jembe, alitaka kufahamu mchele wao ulitoka katika ghala la nani. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilirudi vitabuni, na huko nikakutana na mtu niliyekuwa nimemsingizia darasani kwa miaka mingi. Makala haya ni namna ya kumlipa deni lake.

Jina lake la kuzaliwa ni Zhu Gaochi. Alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka wa 1378, miaka kumi tu baada ya babu yake, Zhu Yuanzhang, kuwaondoa Wamongolia madarakani na kuiasisi nasaba ya Ming. Babu huyo alikuwa mwana wa wakulima hohehahe. Wazazi wake waliangamia wakati wa njaa na maradhi, naye akapata kuombaomba kabla ya kushika upanga. Alikuwa mtawala mkali wa kutisha, lakini njaa hakuisahau, na alipenda kuwapima wajukuu wake kwa mitihani ya kinyumbani aliyoibuni mwenyewe. Asubuhi moja ya baridi kali aliwatuma wakakague vikosi vya walinzi alfajiri. Wengine walirudi upesi. Gaochi akachelewa. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba baridi ilikuwa nyingi mno, basi aliwangoja askari wapate kwanza kifungua kinywa ndipo akawakagua. Mzee akaridhika.

Mara nyingine alipewa rundo la barua za maofisa azichambue. Akazitenga zile zilizohusu shida za askari na za raia, akazipeleka kwa babu yake. Mzee akamwonyesha makosa ya maandishi ambayo hakuyatia alama yoyote. Kijana akajibu kuwa makosa aliyaona, ila aliyahesabu kuwa madogo mno, yasiyostahili kumsumbua mfalme. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha mia mbili usiku, huku akitafuta ndani yake wazo moja lenye uzito, atafahamu kwa nini mzee yule alifurahi.

Ama baba yake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Zhu Di, maana ndilo lililokuwa jina la Yongle kabla hajatawazwa, alikuwa mtu wa vita, mpanda farasi asiyechoka, aliyekabidhiwa ulinzi wa mpaka wa kaskazini katika mji ambao leo ni Beijing. Mwana huyu wa kwanza hakumpendeza. Alikuwa mnene kupita kiasi na mgonjwa wa miguu, akitembea kwa kushikiliwa na watumishi wawili, mmoja kila upande. Moyo wa baba ulimwelekea mwana wa pili, Zhu Gaoxu, jabari wa vitani aliyefanana naye kwa sura na kwa mwendo.

Mwaka wa 1398 babu alifariki, akarithiwa na mjukuu mwingine, mwana wa marehemu mwanawe wa kwanza. Mfalme huyo mpya, Jianwen, alianza kuwapunguzia nguvu baba zake wadogo waliotawala majimbo, na Zhu Di akaasi mwaka wa 1399. Alipokwenda vitani alimwachia Gaochi mji. Mwezi wa Novemba jeshi la Jianwen, ambalo yasemekana lilikuwa na watu laki tano, liliuzingira mji huo ambao ndani yake walikuwamo askari wapatao elfu kumi. Hapa ndipo neno langu la mwoga lilipoanza kunichoma. Kijana huyo asiyeweza kutembea peke yake aliulinda mji mpaka baba yake aliporejea. Mama yake, Bibi Xu, binti wa jemadari mashuhuri, aliwapanga wake za askari juu ya ukuta wakawa wanawavurumishia adui matofali na mawe. Usiku watu walimwaga maji ukutani, baridi ikayagandisha, na kulipokucha ukuta mzima ukawa barafu isiyokweleka.

Wakati wa vita hivyo hivyo alijaribiwa kwa namna iliyo ngumu kuliko mishale. Washauri wa Jianwen walimwandikia barua ya siri wakimwahidi nafasi ya baba yake iwapo angejiunga nao. Nia ilikuwa habari imfikie baba na kumtia shaka, na kweli wapo waliokimbia kumnong'oneza Zhu Di kwamba mwanawe anafanya biashara na adui. Gaochi hakuifungua barua ile. Aliituma kwa baba yake ikiwa na lakiri yake, pamoja na mjumbe aliyeileta. Zhu Di, ambaye tayari hasira zilikuwa zimempanda, alitambua kuwa nusura amuue mwanawe bure.

Mtu angedhani kuwa baada ya hayo suala la urithi lilikuwa limekwisha. Halikwisha. Zhu Di alitwaa mji mkuu wa Nanjing mwaka wa 1402 na kujiita Yongle, lakini hakumtangaza Gaochi kuwa mrithi hadi mwaka wa 1404, baada ya kusitasita sana. Mmoja wa wasomi waliomshawishi, Xie Jin, inasimuliwa kuwa alimkumbusha kuwa hata kama mwana hampendezi, amtazame mjukuu, mtoto wa Gaochi, ambaye babu alimpenda kama mboni ya jicho. Xie Jin alilipia ushauri huo. Mahasimu wa Gaochi walimchongea, akafungwa mwaka wa 1411 na kuuawa gerezani mwaka wa 1415.

Basi Gaochi akaingia katika kungoja. Alingoja miaka ishirini. Kila baba yake alipoondoka kwenda kupigana na Wamongolia, yeye aliachiwa kazi za serikali, na kila baba aliporudi kulikuwa na watu langoni wakimngojea na orodha ya makosa ya mrithi. Mwaka wa 1414 wajumbe wake walichelewa kidogo kumlaki mfalme aliyekuwa akirejea kutoka vitani. Kwa kosa hilo, ambalo lilikuzwa na Gaoxu, walimu na wasaidizi wake walitiwa ndani. Msomi Yang Pu alikaa gerezani miaka kumi. Humo alisoma vitabu vya hekima na vya historia, akavimaliza na kuvirudia tena na tena, ingawa hakujua ni siku gani angeitwa akakatwe kichwa. Na ndugu yule mchongezi alipokuja kubainika naye kuwa na njama zake, na mfalme akataka kumvua cheo awe raia wa kawaida, aliyemwombea kwa machozi ni Gaochi.

Sasa narejea kwenye swali la yule binti. Utawala wa Yongle ulikuwa wa fahari kubwa, na fahari hiyo ilikuwa na gharama. Kulikuwa na vita vya Vietnam vilivyoanza mwaka wa 1406 na kuwa kidonda kisichopona. Kulikuwa na kampeni tano za nyikani Mongolia ambazo mfalme aliziongoza mwenyewe kati ya 1410 na 1424. Mfereji Mkuu wa kusafirishia nafaka kutoka kusini ulichimbuliwa upya. Mji mkuu ulihamishwa kutoka Nanjing kwenda Beijing, na huko likajengwa jumba la kifalme ambalo watalii hadi leo hulistaajabia. Na kulikuwa na marikebu za Zheng He, zilizojaa hariri na vyombo vya kaure vya kuwatunuku wafalme wa mbali. Haya yote yalifanyika kwa wakati mmoja, nayo yote yaliegemea mgongo mmoja.

Mwaka wa 1420 Gaochi alikuwa akisafiri kutoka Nanjing kwenda Beijing kuhudhuria uzinduzi wa mji mpya. Alipopita wilaya ya Zou katika jimbo la Shandong aliwaona wanaume kwa wanawake wakiwa na vikapu njiani, wakiokota mbegu za majani. Akasimamisha msafara, akauliza wanaokota za nini. Akaambiwa ndizo chakula. Aliteremka kwenye farasi wake, jambo ambalo kwa mwili ule na miguu ile halikuwa dogo, akaingia katika nyumba zao. Aliyoyakuta ni nguo zilizochakaa, meko yaliyobomoka na vyungu vilivyolala kifudifudi. Kisha akamwita ofisa mkuu wa jimbo. Ofisa akajitetea kwamba amekwisha kuomba sehemu zilizopatwa na maafa zisamehewe kodi ya msimu. Gaochi akamkemea kuwa watu wanakufa na yeye anazungumzia kodi. Ofisa akapendekeza kila mtu apewe vipimo vitatu vya nafaka kutoka ghala la serikali. Gaochi akaamuru viwe sita, na kwamba asiogope kushtakiwa kwa kulifungua ghala bila idhini, kwani yeye mwenyewe angemweleza mfalme.

Nilipokisoma kisa hicho nilikifunga kitabu kwa muda. Mchele wa mabaharia wale ulitoka Zou, na katika wilaya nyingi mithili ya Zou.

Uhamisho wa mji mkuu ulikamilika mwanzoni mwa mwaka wa 1421, na mwezi wa Mei mwaka huo huo radi iliunguza kumbi tatu kubwa za jumba jipya. Wengi waliuona moto ule kuwa onyo la mbinguni. Hata Yongle alitetereka kwa muda. Lakini miezi michache baadaye alikuwa akipanga vita vingine vya Mongolia, na waziri wake wa fedha, Xia Yuanji, alipomweleza kuwa hazina haina kitu, alimtupa gerezani. Vita vikaendelea. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1424, akirejea kutoka nyikani kwa mara ya tano, Yongle alifariki njiani. Maofisa waliokuwa naye walikificha kifo chake ili jeshi lisivurugike. Waliyeyusha vyombo vya bati vya kambini wakamtengenezea jeneza, wakaendelea kumpelekea chakula hemani kana kwamba yu hai, na kumtuma mjumbe wa siri kwa mrithi.

Gaochi hakungoja kutawazwa. Alikwenda kumtoa Xia Yuanji kifungoni, akamweleza msiba, wote wawili wakalia, kisha akamwomba ushauri. Mfungwa yule wa miaka mitatu alikuwa na majibu tayari: wenye njaa wasaidiwe, kodi zipunguzwe, na marikebu za kwenda ng'ambo zisimamishwe. Tarehe 7 Septemba 1424 Gaochi alikalia kiti, na utawala wake ukaitwa Hongxi. Siku hiyo hiyo alisimamisha marikebu, akasimamisha ununuzi wa farasi mipakani, na kuwarudisha nyumbani maofisa waliotumwa Yunnan na Vietnam kutafuta dhahabu na lulu. Zheng He hakudhalilishwa. Alipewa ulinzi wa mji wa Nanjing pamoja na wanajeshi wake.

Yaliyofuata yalikwenda kwa haraka ya mtu anayejua kuwa muda si wake. Yang Pu alitolewa gerezani, na punde akakabidhiwa ukumbi wa wasomi uliofunguliwa ndani ya ikulu ili mfalme apate watu wa kujadiliana nao vitabu na mambo ya nchi. Familia za mawaziri wa Jianwen, ambazo tangu 1402 zilikuwa zikitumikishwa kama watumwa kwa sababu baba zao walikataa kumtambua Yongle, zilisamehewa na kurudishiwa mashamba. Tutafakari uzito wa jambo hilo: mwana alikuwa akiwafungua watu waliofungwa na baba yake, kabla ya miezi mitano kupita tangu baba huyo afariki. Hukumu za vifo aliagiza zichunguzwe upya kabla ya kutekelezwa. Mawaziri wake wakuu aliwapa mihuri ya fedha, kila mmoja wake, ili wamwandikie kwa siri na kumwonyesha anapokosea.

Kwa wenzangu walimu na kwa wanafunzi lipo jambo moja la kuvutia zaidi. Mitihani ya serikali ya Uchina ilikuwa ikipitwa na vijana wa kusini, kulikokuwa na mali na shule nyingi, ilhali wa kaskazini walibaki nyuma. Hongxi alikubali mpango wa kugawa nafasi, kusini sitini katika kila mia, kaskazini arobaini. Alifariki kabla haujaanza kutumika, mwanawe akautekeleza. Sisi tuliokaa katika vikao tukibishania viwango vya kuwaingiza vijana wa maeneo kame katika vyuo tutaona kwamba hoja zetu si changa.

Katika majira ya machipuko ya mwaka wa 1425 zilifika habari za njaa kutoka Shandong na sehemu za jirani. Mfalme alimwagiza Yang Shiqi, mwalimu wake wa zamani, aandike amri ya kupunguza kodi ya msimu kwa nusu. Yang Shiqi akapendekeza kwamba wizara zinazohusika ziarifiwe kwanza. Hongxi akakataa, akisema kuwa kumwokoa mwenye njaa ni sawa na kumtoa mtu motoni au majini, na kwamba wenye hazina wakiulizwa watahofia upungufu na kuanza kuvuta miguu. Amri iliandikwa palepale, ikatiwa muhuri, ikaondoka. Wizara ziliarifiwa baadaye. Hakuwa amesahau vyungu vya Zou.

Ningependa kuishia hapo, lakini nimekwisha kumsingizia mabaya na sitaki sasa nimsingizie mema. Mtu huyu aliyegawa mihuri ili akosolewe alikuwa na hasira alipokosolewa kweli. Msomi mmoja, Li Shimian, alimwandikia mwaka wa 1425 akimlaumu, pamoja na mengineyo, kwa kukaribiana na masuria wakati wa maombolezo ya baba yake. Mfalme aliwaka. Alimwita, akamhoji, na jibu lisipompendeza akaamuru walinzi wampige kwa marungu yao. Mbavu tatu zilivunjika. Li alitupwa gerezani na akanusurika kwa tundu la sindano. Yasemekana mfalme hata alipokuwa katika kitanda cha mauti alikuwa bado akilalamika kwamba mtu huyo alimtusi. Mfalme mpya alimwachilia, na miaka mingi baadaye, mwaka wa 1441, Li Shimian akawa mkuu wa chuo kikuu cha taifa. Huko alipendwa mno, hata towashi mmoja mwenye nguvu alipomfunga kongwa shingoni mwaka wa 1443, wanafunzi zaidi ya elfu moja walikusanyika kwenye lango la ikulu wakilia, na mmoja wao akajitolea kuvaa kongwa hilo badala ya mwalimu wake.

Hongxi alifariki ghafla tarehe 29 Mei 1425, akiwa na umri wa miaka 46. Kulikuwa na uvumi wa sumu na wa radi, lakini wanahistoria wengi wanadhani moyo wake ulichoka kuubeba mwili ule. Mbivu za uvumilivu wa miaka ishirini alizila kwa siku 264. Aliusia azikwe bila gharama nyingi, na kaburi lake kaskazini mwa Beijing ni dogo likilinganishwa na lile la baba yake lililo karibu nalo. Hata hivyo, kwa desturi ya nasaba hiyo, baadhi ya masuria wake waliuawa wapate kumfuata. Desturi hiyo haikukomeshwa mpaka mwaka wa 1464, na mwanzilishi wa komesho hilo hakuwa yeye.

Mambo mengine aliyoyataka hayakuwa. Alitaka mji mkuu urudi Nanjing, na alikwisha kutangaza kuwa Beijing ni makao ya muda tu, lakini mwanawe, Xuande, hakuhama. Gaoxu aliasi mwaka wa 1426, akashindwa na mpwa wake. Marikebu nazo zilitoka tena mara moja, kati ya 1431 na 1433, Zheng He akiwa mzee, kisha zikakoma kabisa.

Mwaka wa 2013 watafiti waliokuwa wakichimba katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, walipata sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati na jina la Yongle pembeni. Picha yake ninayo, nayo huipitisha darasani ninapofika somo la twiga. Nyakati nyingine mwanafunzi huuliza ya mwanawe iko wapi, na ni lazima nimweleze kwamba haipo. Sarafu ya Hongxi haikupata kutengenezwa.